Naye Ana Sababu Zake

Zamani sinema ilikuwa na katiba. Ibara ya kwanza: steringi hafi. Ibara ya pili: steringi ni mtu mwema. Hakuna aliyeziandika popote, lakini kila mtoto aliyewahi kujibana kwenye kibanda umiza, akichungulia Commando katikati ya mabega ya wakubwa, alizijua vizuri kuliko jedwali la kuzidisha. Adui naye alikuwa na ustaarabu wake, kwamba alikuja na sura ya uadui kabisa. Ukimwona Amrish Puri anatoa macho kwenye Mr. India, hukuhitaji kujua Kihindi wala kumuuliza jirani. Ukimwona Patience Ozokwor anaingia sebuleni kwa mwanawe katika filamu ya Kinaijeria, kilemba kikiwa kimetangulia, wanawake wote walisonya kabla hajafungua kinywa. Mbaya alichukiwa, mwema alishangiliwa, picha ikaisha, watu wakaenda kulala.

Sasa Wakorea wameichana katiba hiyo, na sisi ambao hatukuitwa kwenye kura ya maoni tunaokota vipande sebuleni.

Nyumba yangu ya Tabata ina watazamaji watatu na mimi. Mimi sihesabiwi kwa sababu rimoti haifiki kwangu. Kuna mke wangu, Mama Neema, mwenye neno la mwisho juu ya kila kitu kinachotumia umeme. Kuna Neema mwenyewe, kidato cha tatu, ambaye Kikorea chake sasa kimeipita fizikia yake. Na kuna mama mkwe, aliyekuja kutoka Muheza kupimwa macho. Daktari aliyakuta mazima, na tangu siku hiyo anayatumia yote mawili kutazama The Penthouse, iliyojazwa kwenye flashi, ikiwa imetafsiriwa Kiswahili na kijana mmoja mwenye sauti ya kukwaruza. Mimi kama mkwe mwenye adabu zangu siwezi kumwambia mama mzima wa watu anipishe nione taarifa ya habari. Nakaa pembeni, nakunywa chai yangu, nashuhudia nchi ikiharibika.

Kwa wale ambao nyumba zao bado ziko huru, nieleze. The Penthouse ilirushwa na kituo cha SBS cha Korea Kusini kuanzia Oktoba 2020 hadi Septemba 2021, sizoni tatu, zote zikitoka kichwani mwa mwanamama mmoja, Kim Soon-ok, ambaye nina hakika watoto wake hawakuwahi kuthubutu kumdanganya. Kuna jengo la ghorofa 100 mjini Seoul linaloitwa Hera Palace. Humo wanaishi matajiri ambao watoto wao, kwa sababu nisizozielewa hadi leo, wote wanagombea kuimba opera. Malkia wa jengo ni Cheon Seo-jin, mwimbaji wa soprano. Alipokuwa binti wa shule alimjeruhi koo mpinzani wake kwa kombe la mashindano, na kombe akabaki nalo. Ukubwani anatembea na Joo Dan-tae, tajiri wa jengo, mume wa mtu. Halafu usiku mmoja wa mvua baba yake mzazi anaanguka kwenye ngazi za nje, anavuja damu, anamnyoshea mkono. Binti anamtazama. Anageuka. Anaondoka. Anakwenda kukaa kwenye piano na kuipiga kwa hasira, akilia na kucheka kwa wakati mmoja.

Mimi nilisimama. "Huyu mwanamke ni shetani," nikasema.

Mama mkwe alikuwa anajifuta chozi kwa ncha ya kanga. "Maskini. Mtoto wa watu ana uchungu."

"Mama, kamuua baba yake mzazi!"

"Hajamuua," akanisahihisha kwa upole. "Kaanguka mwenyewe. Yeye hakumwinua tu."

"Na yule mzee naye," Mama Neema akadakia, "alivyokuwa anambana tangu mdogo, kila siku uwe wa kwanza, kila siku uwe wa kwanza! Mtu ana moyo jamani. Naye ana sababu zake."

Hapo ndipo nyumba yangu ilipogeuka chumba cha mawakili wa utetezi. Cheon Seo-jin akifanya lolote, anatetewa kabla hajamaliza kulifanya. Akimsukuma mtu, yule mtu alikuwa amesimama vibaya. Akiiba, kilichoibwa kilikuwa chake toka mwanzo. Akitabasamu lile tabasamu la kuinua upande mmoja wa mdomo, ambalo mimi nikiliona natafuta pa kujificha, Neema anasema, "Ona alivyo mpweke." Nimejaribu kutafuta upande wa haki ndani ya jengo lile niukalie. Nilianza na Oh Yoon-hee, yule maskini aliyeumizwa koo, mama anayehangaika na binti mwenye kipaji. Nikamtetea kwa nguvu zote, hata chai nikaisahau. Ikaja kubainika kwamba ndiye aliyemsukuma yule msichana yatima, Min Seol-a, kutoka juu ghorofani. Mama mkwe hakunicheka kwa sauti, lakini mabega nilimwona yanatikisika. Nikahamia kwa Shim Su-ryeon, mke halali wa Joo Dan-tae, mwanamke mpole, msafi, mwenye kulipiza kisasi kwa utaratibu. Akauawa kabla sizoni ya kwanza haijafungwa. Nikaomboleza. Sizoni ya pili akarudi. Kule Hera Palace kifo ni ruhusa ya wiki chache, na anayerudi anarudi na nywele nzuri zaidi.

Nikajiambia labda ni ugonjwa wa nyumba yangu tu. Labda ni ule ubabe wa Muheza. Nikaanza kuuliza na kusoma, na nikakuta Wakorea wenyewe hali yao ni mbaya kuliko yetu. Episodi kadhaa za The Penthouse zilipewa alama ya kwamba haziwafai walio chini ya miaka 19 (nilipomweleza mama mkwe, alinijibu kwamba yeye ana 71), lakini kufikia sizoni ya pili watazamaji walikuwa wanakaribia asilimia 30, kiwango ambacho siku hizi vituo vya televisheni vya kule vinakiota tu usingizini. Na mwaka 2021, kwenye tuzo za Baeksang, ambazo ndizo kubwa kwa watu wa fani hiyo, tuzo ya mwigizaji bora wa kike wa televisheni alipewa Kim So-yeon. Ndiyo, yeye mwenyewe, Cheon Seo-jin. Alipanda jukwaani na watu wakampigia makofi. Mimi ningekuwa ukumbini ningekagua kwanza kama baba yake yupo.

Wala hawakuanza juzi. Mwaka 2009 kituo cha MBC kilitengeneza tamthilia ndefu, episodi 62, iitwayo Queen Seondeok, kuhusu mwanamke wa kweli aliyetawala ufalme wa Silla katika karne ya saba. Jina la tamthilia lake, kiti cha enzi chake, wema wote wake. Lakini waliweka na adui, bibi mkubwa wa ikulu anayeitwa Mishil, akaigizwa na Go Hyun-jung, na Go Hyun-jung akagundua kwamba anaweza kuinua nyusi moja. Basi. Nyusi moja ile ilimaliza mambo. Watu wakawa wanasubiri Mishil aingie, malkia mtarajiwa wakamwona kama mtu anayewazibia njia. Mwisho wa mwaka tuzo kubwa ya kituo ilikwenda kwa adui. Mishil anakufa kwenye episodi ya 50, bila kukipata kiti cha enzi alichokitamani, na kuna episodi 12 zimebaki ambazo ndani yake malkia mwema anatawala kwa busara. Muulize yeyote aliyeitazama anakumbuka nini katika hizo 12. Atakutajia nyusi.

Wakorea wana subira ya ajabu katika jambo hili. Yupo suria mmoja wa mfalme Sukjong, Jang Hui-bin, aliyelazimishwa kunywa sumu mwaka 1701. Kwa miongo mingi televisheni ya kule imekuwa ikimnywesha sumu hiyo upya, kila kizazi na mwigizaji wake, akiwa mchawi, mwenye wivu, fitina tupu. Halafu mwaka 2013 akapewa Kim Tae-hee kumwigiza, uso ambao hata hakimu wa mahakama ya mwanzo angeahirisha kesi autazame tena kesho, na ghafla Jang Hui-bin akawa binti mwenye kipaji cha kushona aliyependa tu mtu asiyestahili. Imepita miaka 312, lakini sababu zake zimepatikana.

Hili la uso nalisema kwa uchungu. Chukua Vincenzo, ya mwaka 2021. Steringi ni mwanasheria wa mafia, mzaliwa wa Korea aliyelelewa Italia, anarudi Seoul kuchimbua dhahabu iliyofichwa chini ya jengo la watu. Episodi ya kwanza tu, kabla hatujajua hata anakula nini, ameshachoma shamba zima la zabibu la mtu. Baadaye anaua, tena si kwa haraka, anaua kwa utulivu wa fundi saa. Mwenyewe hajifichi, anatamka kinywani mwake kwamba yeye ni mtu mbaya. Nikageuka kuwatazama mawakili wangu. "Huyu je? Kakiri mwenyewe!"

"Ila anavaa suti," akasema Mama Neema.

Anaigizwa na Song Joong-ki. Nilimuuliza Neema kama mtu mwenye uso wangu angechoma lile shamba, je, wangemwonea huruma? Akafikiri kwa uaminifu, kama nilivyomlea. "Baba, wewe usingefika kwenye shamba. Wewe ungekuwa yule anayekufa mwanzoni ili tujue mambo ni mazito."

Lakini msidhani watazamaji hawa hawana hasira. Wanazo, sema zinapita barabara nyingine. Katika hiyo hiyo Vincenzo, penye moto, risasi na njiwa anayeitwa Inzaghi (njiwa ana jina, ana mchango, na anapendwa kuliko mimi), kitu kilichowawasha Wakorea mwezi Machi 2021 kilikuwa chakula. Steringi alionyeshwa na bibimbap ya kwenye boksi, tangazo la kampuni ya China. Wali wetu wenye mboga, mnauandikia Kichina? Watu waliwaka hadi magazeti yakaandika. Mwezi huo huo SBS ilianza kurusha Joseon Exorcist, tamthilia ya mazombi na wafalme, na watazamaji wakaona kwenye meza ya enzi za Joseon vyakula vya Kichina, keki za mwezi na kadhalika, tena wafalme wa kweli wamechafuliwa majina. Wadhamini wakajitoa mmoja mmoja. Baada ya episodi mbili tamthilia nzima ikafutwa. Mbili! Mimi katika nyumba ninayolipia kodi nimeomba tuhamishe chaneli dakika tano tu nione msimamo wa ligi, ombi langu mpaka leo linafanyiwa kazi.

Na kuna mara moja ambapo hasira ya watazamaji niliipigia saluti. Kwenye sizoni ya tatu ya The Penthouse (tafadhali, haya msiyataje mbele ya mama mkwe, hajafika huko) anatokea ndugu wa mhusika mmoja kutoka Marekani, amesokotwa rasta, amechorwa tatuu, meno yanameta, anaongea kwa mbwembwe, yaani Mkorea anacheza kuwa mtu mweusi wa kwenye video. Watazamaji wa nchi za nje wakasema hapana, nywele zetu si vazi la kichekesho. Mwigizaji, Park Eun-seok, aliomba radhi Juni 2021, na watayarishaji pia. Vizuri sana. Ila nilitazama orodha ya yaliyotendeka ndani ya jengo lile tangu ghorofa ya kwanza hadi ya mia, nikaona rasta ndizo pekee zilizoombewa msamaha.

Nirudi kwenye mashtaka yangu. Kinachoniudhi zaidi ni ile mbinu ya utoto. Mtu mbaya anafanya ubaya kwa episodi moja, mbili, sisi wenye akili timamu tunaanza kukubaliana kwamba huyu afungwe. Mwongozaji anasikia. Anajua tumeanza kumchukia mtu wake. Basi anamwaga mvua. Ukiona mvua kwenye tamthilia ya Kikorea jua unapelekwa utotoni: mtoto wa miaka saba hivi, peke yake, kaloa, ana mchubuko gotini, na nyuma kuna kinanda. Mama mkwe tayari ana kanga mkononi. Huyo mtu akitoka kwenye mvua ile anaweza kuua kijiji kizima, ameshalipiwa.

Mwaka 2025 walitoa Dear X, na hiyo Neema anaitazama kwenye simu kwa bando langu. Steringi ni Baek Ah-jin, mwigizaji maarufu asiyekuwa na chembe ya huruma, anayewapanda watu na kuwashuka wakishachakaa. Na nani wamempa? Kim You-jung, ambaye Wakorea wamemwona runingani tangu akiwa mtoto mdogo, wakamlea kwa macho, mdogo wa kila mtu. Huo si uchaguzi wa mwigizaji, huo ni mtego. Nilimuuliza Neema kama binti yule ni mzuri au mbaya. Alinitazama kwa masikitiko. "Baba, hayo maswali ya zamani. Baba yake alikuwa anampiga."

"Mimi nimeuliza habari zake yeye."

"Ndiyo nakujibu."

Wakorea wenyewe wana maelezo mengine, na hayo nakiri yaliniingia kidogo. Tamthilia ikijaa watu wema wanaoonewa, wanaolia, wanaoamini kila wanachoambiwa na kusahau simu nyumbani siku ya ushahidi, watazamaji wa kule wanalalamika kwamba wamelishwa kiazi kitamu kikavu, kimekwama kooni. Akitokea mtu akamzaba kofi anayestahili, wanasema sasa wamekunywa soda. Nilimweleza mama mkwe. Mtu wa Muheza huhitaji kumfafanulia kiazi kitamu bila chai. Akatikisa kichwa muda mrefu. "Ndiyo maana," akasema. "Wale wema wanachelewa mno." Na ni kweli. Ndani ya tamthilia hizi anayefanya kazi ni mbaya. Anaamka mapema, ana mpango, ana mpango wa pili, anajua nywila ya kila kompyuta. Mwema yuko hospitali, kapoteza kumbukumbu.

Hata mtafsiri wetu amehama upande. Enzi za Lufufu na wenzake, mwenye kutuelezea picha kwa Kiswahili alisimama na steringi mwema mpaka mwisho, na adui alimtukana kwa niaba yetu sote. Huyu kijana wa sauti ya kukwaruza, Cheon Seo-jin akitokea, sauti inalainika. "Dada mkubwa huyo kaingia, msimchukulie poa, leo kavaa kijani." Mtu mwema akilia, kijana anamrukia: "Huyu naye analia tena, tuendelee." Nusu ya maneno anayompa Seo-jin hayamo kwenye Kikorea, Neema amehakikisha. Anamwandikia mashairi. Nahisi anampenda.

Kulikuwa na tamthilia moja tu ambapo mawakili wangu walikataa kesi. The Glory, iliyotoka Desemba 2022 na kumalizikia Machi 2023. Moon Dong-eun, alipokuwa shule, alichomwa mwili na wenzake kwa pasi ya kunyooshea nywele, na akatumia karibu miaka 18 kupanga namna ya kuwafikia. Kinara wa wachomaji ni Park Yeon-jin, ambaye ukubwani anatangaza hali ya hewa kwenye televisheni, kapendeza, kacheka, kaolewa na pesa. Lim Ji-yeon alimwigiza vizuri hadi naye akapata tuzo ya Baeksang. Nikajua sasa yatakuja yale yale, ana sababu zake. Nikasubiri mvua. Neema alikuwa amekaa sakafuni amekumbatia magoti, hakusema lolote mpaka mwisho wa episodi, halafu akasema, "Huyu hapana." Hakufafanua. Anajua mambo ya bweni kuliko mimi. Mama Neema alisifia koti la Yeon-jin mara moja, akaona uso wa mwanawe, akaacha.

Hilo lilinifanya nianze kuwachunguza. Kuua kwa ajili ya ghorofa ya mia, wanasamehe. Hakuna kati yetu mwenye ghorofa ya mia. Kumwacha mzee kwenye ngazi za marumaru, wanasamehe. Sisi kwetu ngazi ni za ubao, zinakwenda darini. Nikasubiri nipate kipimo kingine, na kipimo kikaja chenyewe Jumamosi moja, kikiwa kimebeba viti vya plastiki.

Kikoba cha Mama Neema kilikutana kwangu. Ni wanawake wale wale ambao jioni hupitia kutazama episodi moja na kuondoka saa nne. Mweka hazina wao, mama mmoja mpole wa mtaa wa nyuma, alikuwa amegusa fedha za kikundi, akamlipia mwanawe ada, na akachelewa kurudisha. Alikiri. Aliinamisha kichwa. Nilikuwa mlangoni, nikiwa na kikombe changu, na nikaona sasa nchi inapona, kwa sababu katika chumba hiki kuna watu waliolia kwa ajili ya Cheon Seo-jin, watu wenye huruma iliyokomaa. Walianza kuongea wote kwa pamoja. Mwizi. Mnafiki. Kumbe ndiyo maana alinunua kitenge Januari. Mmoja, ambaye wiki ile ile alikuwa amelilia piano hadi akapewa maji, alitaka mjumbe aitwe.

Nikakohoa. "Jamani, samahani kuingilia. Labda tumsikilize. Naye ana sababu zake. Huenda utotoni baba yake alikuwa anambana."

Kimya kikatanda. Mweka hazina mwenyewe alinishangaa. Mama mkwe ndiye aliyenijibu, taratibu, kwa heshima zote anazostahili kupewa baba mwenye nyumba.

"Baba Neema," akasema, "hapa tunazungumzia hela."

Alipigwa faini juu ya deni. Jioni wakarudi wote kutazama Joo Dan-tae akizika mtu.

Basi na mimi nikaona nijiongeze. Sizoni ya pili imekwisha, na kijana wa flashi amesafiri kwao Singida kwenye harusi, kwa hiyo sizoni ya tatu iliyotafsiriwa haipatikani mpaka arudi. Usiku wenzangu wakiwa wamelala nimeisoma yote kwenye simu, kwa Kiingereza changu cha ofisini, mwanzo hadi mwisho. Najua nani anarudi. Najua nani harudi hata kwa dawa. Najua kinachoipata sauti ya Cheon Seo-jin, na ninyi nitawanong'oneza kwamba mwenyewe hamalizi sizoni ile akiwa hai. Nikaja mezani, nikamega ugali, nikasema tu, "Mh. Yule Seo-jin yule," nikanyamaza.

Mikono yote ikasimama juu ya sahani.

"Seo-jin kafanyaje?" akauliza mama mkwe.

"Hapana, Mama. Nimekumbuka kitu tu." Nikageukia televisheni. "Hivi taarifa ya habari imeshaanza?"

Rimoti ilikuja yenyewe. Kesho yake nilitaja koo, koo tu, nikaangalia mpira dakika zote tisini na za nyongeza. Keshokutwa nilipewa chapati za kusukuma ambazo hakuna aliyeziomba, na Mama Neema akakaa karibu yangu kuliko kawaida, akauliza kama nimechoka na kazi. Neema ndiye aliyegundua kwanza. "Baba, hii inaitwa kutishia watu."

"Kwani nimesema nini?"

"Ndiyo hivyo. Hujasema."

Mama Neema akaweka mikono kiunoni. "Tangu lini umekuwa na roho mbaya hivi, Baba Neema?"

Swali hilo nimelisubiri tangu usiku wa ile piano. Niliegemea kiti, nikatazama dirishani. Mvua haikuwepo, ulikuwa mchana wa Februari na jua linachoma bati, lakini nilijitahidi. "Nina sababu zangu," nikasema. "Utoto wangu ulikuwa mgumu sana."

Mama mkwe akatua kikombe chake mezani.

"Utoto upi, baba? Mama yako alinihadithia yote siku ya mahari. Umenyonya mpaka miaka mitatu, na kuku akichinjwa, firigisi ilikuwa yako."